Mtu wa Mizani

Kazi yangu ni kupima. Wenzangu hapa wana nyota mabegani,
wana mihuri, wana mbwa wa kunusa;
mimi nina sahani moja ya chuma na mshale mwekundu
unaotetemeka kila lango likifunguliwa, kwa upepo.
Nasikia mashairi nayo yana mizani.
Yangu ni ya kilo.

Mwezi wa saba. Barafu nyembamba juu ya lami,
na ndege ni moja tu asubuhi hii,
imesimama kama punda anayengoja kufungwa mzigo.
Nje ya seng'enge wachungaji wawili, mablanketi hadi puani,
wanaijua saa ya ndege
kuliko sisi tunaolipwa kuijua.

Nchi yetu imo ndani ya nchi nyingine
kama kiini ndani ya yai.
Ukitoka, popote utokapo, unabisha kwa jirani yule yule.
Babu zangu walivuka mto Mohokare, foleni, pasi mkononi,
wakachimba dhahabu ya watu,
wakarudi na kikohozi.
Hata kwa juu:
dakika chache tu, na anga si letu tena.

Begi la binti: kilo ishirini na sita na nusu.
Ruhusa ni ishirini na tatu.
"Dada," nikasema, "hapo sheria inakataa."

Mama yake ndiye aliyepiga magoti. 'Manthatuoa,
mama wa Nthatuoa: jina alilopewa na wakwe
siku ya kuolewa, kabla binti hajawa hata kichefuchefu.
Akafungua zipu, akapanga sakafuni mbele ya kila mtu, bila haya:
unga wa mtama, pakiti mbili,
pichi zilizokaushwa juu ya bati la nyumba,
vitabu vya uuguzi vilivyovimba kwa kusomwa,
viatu vya theluji, vipya, bado vina karatasi ndani,
na blanketi la sufu lenye masuke ya mahindi.

"Hiki kibaki," binti anasema.
"Hiki hakibaki," mama anasema.
"Mama, Winnipeg wanauza unga."
"Wanauza huu?"

Bwana mmoja mwenye mkoba wa kompyuta
alitazama saa yake, akatazama ya ukutani.
Ya ukutani ilisimama tangu Pasaka.

"Na yeye mwenyewe," mama akaniuliza, "unampima?"
"Hapana, mama. Mtu hapimwi."
Akanitazama kama niliyemwachia duka bila mlinzi.

Akamvika. Blanketi kwanza, pini kubwa kifuani,
koti juu ya blanketi,
pichi kwenye mifuko mpaka mifuko ikakataa.
Akamvua viatu vyake vya safari, akamvika vya theluji,
akafunga kamba mwenyewe, fundo mara mbili,
kama siku ya kwanza ya shule.
Binti akawa mpana kama mlango. Foleni ikacheka, naye akacheka,
halafu akaacha.

Mshale: ishirini na tatu kamili.
Nikabandika karatasi. Begi likaenda.

Ndege iliondoka kwa kishindo kifupi.
Wachungaji walinyanyua fimbo zao, wakazishusha.
Lipuo akaanza kupiga deki kutoka upande wa choo, kama kawaida.

Mama alikuwa bado amesimama, viatu vya binti mkononi.
"Nipime mimi."
"Mama, nimekwambia…"
"Wewe kazi yako nini?"

Akapanda juu ya sahani, viatu vile kavishika kifuani.
Akaona, akashuka, akaviweka chini, akapanda tena.
Hamsini na nane.
"Andika. Akirudi nitakuja unipime, tuone."

Niliandika kwa penseli, chini ya meza,
mahali wakaguzi hawainami:
'Manthatuoa, 58, Julai.
Akaokota viatu, akaenda kutafuta gari la mjini.

Mshale ulirudi polepole; springi ni ya zamani.
Ukasimama kwenye gramu mia tatu, juu ya sahani tupu,
ukawa unatetemeka.

Lango lilikuwa limefungwa.